Nicanor Wepukhulu na Mkono wa Mzee Walubengo

Nicanor Wepukhulu alikuwa mrefu kiasi kwamba kila shati alilonunua liliishia kiunoni, na mwembamba kiasi kwamba shati hilo hilo fupi lilimpwaya. Alitoka upande wa Kimilili. Alisoma shule ya misheni hadi akaweza kusoma gazeti na kubishana nalo, kisha vita vya Hitler vilipokwisha akaja kutafuta kazi Eldoret, mji ambao watu wa Uasin Gishu waliuita Sisibo. Kazi aliyoipata ni ya kushona midomo ya magunia katika kinu cha unga. Sindano kubwa, kamba ya katani, gunia. Sindano, kamba, gunia, tangu asubuhi hadi king'ora. Jioni alitoka pale mweupe kuanzia nywele hadi kope, na watoto wa lokesheni, ule mtaa wa Waafrika, wakamwita Mzungu wa Magunia. Hakuwakasirikia. Kukasirika kulimchosha kuliko kazi.

Watu walimpenda. Kanisani aliimba sauti ya nne, sauti ambayo hakuwa nayo, kwa sababu waliokuwa nayo walichelewa kila Jumapili. Jirani akihama, yeye ndiye aliyebeba kitanda. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja uliomtesa tangu utoto: mbele ya mzee mwenye sauti nene, maneno yalimkimbia yote, akabaki anameza mate. Na Mungu, ambaye naye hupenda mzaha, akamfanya ampende binti ya mzee mwenye sauti nene kuliko wote lokesheni.

Mzee huyo aliitwa Walubengo. Alikuwa mwashi. Maduka mengi ya mawe ya Wahindi pale mjini yalisimama kwa mkono wake, na alipopita barabarani aliyapiga makofi ukutani kama mtu anayewasalimia ng'ombe wake. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye masharubu, na kwa sababu ya kuzoea kuwapigia kelele watu walioko juu ya dari, alizungumza na kila mtu kana kwamba yuko juu ya dari. Hata kuomba chumvi mezani kwake kulisikika nyumba ya tatu.

Binti yake, Nanzala, alifundisha watoto wadogo irabu katika shule ya misheni. Yeye hakumwogopa mtu yeyote, babake akiwemo. Jinsi alivyompenda Wepukhulu ni jambo ambalo wanawake wa lokesheni walilijadili sana bila kufikia mwafaka. Rosebella, rafiki yake, alimuuliza waziwazi. Nanzala akajibu, "Nikimwambia kitu, ananisikiliza mpaka mwisho. Wewe nitajie mwanamume mwingine." Rosebella akafikiri kwa muda mrefu, akakosa.

Basi mwaka huo wa 1949, ngano ilipokuwa imevunwa, Wepukhulu akamtuma Mzee Kituyi wa kanisani kupeleka posa. Mzee Kituyi alipokewa vizuri. Mama Namalwa, mkewe Walubengo, alichinja kuku. Walubengo akazungumza habari za saruji. Alianza saruji kabla ya maji ya kunawa, akaendelea na saruji wakati wa supu, akaeleza mpaka kwenye mifupa jinsi mchanga wa siku hizi usivyofaa. Mzee Kituyi alipopata mwanya akatoa neno lililomleta. Walubengo akaiacha saruji, akajifuta masharubu.

"Hiyo kijana nimeiona," alisema. "Ni mtu mzuri. Lakini upepo ya hapa Sisibo ni kali. Ikivuma, msichana yangu atashika nini?"

Akamsindikiza mgeni hadi mlangoni. Haikuwa ndiyo, haikuwa hapana, na wiki zikapita hivyo hivyo.

Hapa lazima tueleze jambo moja, maana bila hilo mengine yote yataonekana wazimu. Kwa Wabukusu, kabila la Wepukhulu na Walubengo, mkwe na baba mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai benchi moja, na mkwe akimwona mzee bila nguo zake sawasawa, hiyo ni aibu ya kulipiwa mnyama. Kabla posa haijakubaliwa, kijana ni kijana tu, na mzee atampa mkono kama anavyompa muuza makaa. Posa ikishakubaliwa, mkono huo hurudi mfukoni na hautoki tena; mzee aliyekwisha kuletewa posa akiutoa, amekataa. Kwa hiyo hakuna haja ya kutangaza. Watu wote hutazama mkono wa mzee, na wakishautazama wanajua.

Wepukhulu alilijua hilo vizuri mno. Alijua kwamba siku atakayopewa mkono na Walubengo ndiyo siku atakayokuwa amekataliwa. Akaamua kwamba mkono huo hautamfikia. Akimwona mzee akitokea upande huu wa barabara, yeye yuko upande ule. Siku moja walikutana uso kwa uso kwenye kona ya soko, akaruka ndani ya duka la Mhindi, akasimama pale akichagua leso za wanawake, akizijaribisha kichwani, mpaka mzee alipopita. Ni mbinu ya mtu mwoga, ndiyo, lakini ilikuwa imemweka katika uchumba wiki zote hizo.

Habari za mieleka zililetwa na Kipyego, aliyeshona naye magunia. Kipyego alikuwa kijana wa hapo hapo Uasin Gishu, mwenye tabia ya kujua kila kinachokuja mjini kabla hakijafika.

"Kuna sajini mmoja anakuja kutoka Nairobi," alisema. "Anaitwa Farajala, ni Mnubi. Alipigana Burma. Huko Ceylon akafundishwa mieleka ya Wajapani. Jumamosi na Jumapili atafundisha pale holo ya lokesheni, mtu yeyote anaruhusiwa. Anasema mtu mwembamba anaweza kuangusha ng'ombe."

Wepukhulu akaacha sindano katikati ya gunia. Hakuwa na haja ya ng'ombe. Alikuwa akifikiria upepo. Kama habari zingemfikia Walubengo kwamba yule kijana wa kupeperuka sasa anaangusha watu, si angeliona jambo hilo kwa jicho lingine?

"Niandikishe," alisema.

Nanzala alipoambiwa, alicheka hadi akakaa chini. "Nenda," alisema. "Lakini usirudi na jino pungufu. Baba atasema hata meno yamechukuliwa na upepo."

Jumamosi mchana holo ilijaa. Walikuwapo wapishi wa Wazungu, madereva wa malori, kinyozi, makarani wawili waliokunja suruali zao kwa uangalifu, na askari mmoja aliyesema amekuja kwa kazi ingawa hakuna aliyemuuliza. Majani makavu ya ngano yalikuwa yametandazwa sakafuni, na juu yake turubai kubwa la lori. Viatu vyote vilivuliwa vikapangwa mlangoni. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo wote walikuwa madirishani.

Sajini Farajala alikuwa mtu mdogo, mkavu, aliyevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Alisema Kiswahili cha jeshi.

"Hapa hapana mkubwa, hapana mdogo!" aliwaambia. "Hapana Mzee, hapana Bwana. Iko mwili tu! Mwili moja nasukuma, mwili ingine naanguka. Nyinyi nasikia?"

"Ndiyo afande!"

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia Mzee Walubengo.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Kule kwenye jengo, vibarua walimwambia kwamba amekuja mtu wa saizi ya kuku anayetupa watu wakubwa hewani, na yeye hakuwa mtu wa kukubali uongo wa namna hiyo bila kuukagua. Akavua viatu, akavua koti, akalikabidhi kwa kinyozi. Kisha, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye adabu anayewakuta wenzake, akaanza kupita mstari mzima akiwasalimia kwa mkono, mmoja baada ya mwingine.

Wepukhulu alikuwa karibu na mwisho wa mstari. Aliuona mkono ule ukija. Mpishi akapewa, dereva akapewa, karani akapewa. Ulikuwa mkono mpana, wenye saruji kwenye kucha, na haukuwa na haraka. Nyuma ya Wepukhulu kulikuwa na ukuta, na huko dirishani alimwona Nanzala ameacha kucheka. Kipyego, aliyekuwa kando yake, akapewa mkono. Na hapo Wepukhulu akainama ghafla kufunga kamba za viatu.

Hakuwa na viatu. Walikuwa peku wote. Lakini alikwisha kuinama, akaendelea kushughulika na mguu wake kwa bidii, akifunga kamba ya hewa.

Walubengo akasimama juu yake. "Kijana," alisema, na madirisha yakatetemeka. "Umepoteza nini?"

"Kidole, Mzee."

"Kidole?"

"Cha mguu, Mzee."

"Umepata?"

"Nakaribia, Mzee."

Mzee akamtazama mgongo kwa muda, akaguna, akapita na kumpa mkono aliyefuata. Wepukhulu alibaki pale chini mpaka alipohakikisha hatari imepita. Alipoinuka, jasho lilikuwa limemlowesha kabla ya mazoezi kuanza.

Somo la siku hiyo lilikuwa kuanguka. Watu hawakupendezwa. Shitanda, mpishi mwenye kitambi, alisema kwa niaba ya wote kwamba kuanguka wanakujua tangu utoto na hawakuja kufundishwa. Sajini hakubishana naye. Alimshika kifundo cha mkono, akageuka kidogo kana kwamba anatafuta kitu nyuma yake, na Shitanda akapita hewani, akatua juu ya turubai kwa kishindo kilichoinua vumbi la ngano mpaka darini. Baada ya hapo hakuna aliyelalamika. Walianguka mchana kutwa: kwa ubavu, kwa mgongo, kwa kubingirika.

Na ikagundulika kwamba Wepukhulu alikuwa na kipaji. Kwa urefu wake, hakuanguka kwa mara moja kama wenzake, bali kwa awamu, magoti kwanza, kisha kiuno, kisha mabega, na kila sehemu ilifika chini ikiwa imeshapewa habari na iliyotangulia. Sajini akamwita mbele, akawaonyesha wengine. "Tazama huyu! Huyu naanguka kama mvua!" Wepukhulu alifurahi kiasi cha kusahau shida yake, halafu akaona Walubengo anamtazama kutoka upande wa pili, na furaha ikamtoka. Muda wote uliobaki alihakikisha kwamba holo nzima iko kati yao. Mzee akisogea kulia, yeye alianguka kushoto.

Jioni Sajini akatangaza kwamba kesho, baada ya kanisa, watapimwa kwenye mizani na kupangwa wawili wawili kwa uzito, kisha washindane mbele ya watu wote. Kipyego aliombwa kuleta mizani ya magunia kutoka kinuni.

Wepukhulu hakuogopa. Alimfikiria Walubengo alivyo mpana, akajifikiria yeye mwenyewe, akaona hawawezi kukutana kwa uzito hata siku ya kiyama. Kesho yake, walipotoka kanisani, alimwambia hivyo Kipyego.

Kipyego akatikisa kichwa. "Yule mzee ni mfupi na mpana. Wewe ni mrefu na mwembamba. Unga ni ile ile, ni gunia tu iko tofauti."

Wepukhulu akaona kwamba huenda wakalingana. Kwa kuwa hakuna njia ya kupungua kati ya kanisa na holo, aliamua kuongezeka. Akaenda kwenye bomba la lokesheni, akainama chini yake, akanywa. Akapumzika, akanywa tena. Kina mama waliokuja na madebe wakasimama wakimsubiri, mmoja akamuuliza kama kuna moto tumboni. Kutoka hapo akaingia kwa Kipyego akanywa uji sufuria nzima, na chai juu yake. Alipokuwa akitembea kuelekea holo, yeye na Kipyego wote wawili waliisikia ile safari ya maji ndani yake.

Mizani ilisimamishwa mlangoni, Kipyego akiisoma kwa sauti. Watu wakapanda mmoja mmoja. Shitanda alipopanda, mizani ilipiga kelele na watu wakashangilia. Walubengo akapanda bila kuvua koti, akaambiwa alivue, akalivua kwa hasira na kumtupia kinyozi.

"Ratili mia moja arobaini na tatu!" Kipyego alitangaza.

Akafuata Wepukhulu. Akapanda polepole, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Kipyego akatazama. Akagongagonga chuma kwa kidole. Akatazama tena, kisha akamwinamia rafiki yake na kusema kwa sauti ya chini, "Ijumaa kule kinuni ulikuwa chini ya mia na arobaini. Umekunywa nini wewe?"

"Sema!" Sajini alifoka.

"Ratili mia moja arobaini na tatu," Kipyego alisema, na haikuwa kwa kutangaza.

"Vizuri sana! Wewe na huyu Mzee."

Akiwa amejaa maji, Wepukhulu alisimama pale akitafuta la kusema, na lilikuwapo moja tu. Angeweza kusema, afande, huyu ni baba mkwe wangu, siruhusiwi kumgusa. Lakini ni nani aliyemwambia kwamba huyo ni baba mkwe wake? Kijana anayejitangaza mkwe kabla mzee hajasema, huyo ni kijana asiye na adabu, na posa yake inatupwa nje mchana huo huo. Na Walubengo naye alikuwa amefungwa kwa kamba hiyo hiyo. Akikataa kumshika kijana, amemkubali mbele ya lokesheni nzima, na yeye alikuwa hajamaliza kuringa. Akimshika, amemkataa. Hakuna habari ya saruji ambayo ingemtoa hapo.

Watu wote walilielewa jambo hilo kwa wakati mmoja. Wabukusu walilielewa kwa sababu ni lao, na wengine kwa sababu Wabukusu waliwanong'oneza. Shitanda, aliyekuwa ameshikana tayari na mtu wake, alimwachia. Kule madirishani watu walipandana mabegani. Mtu pekee ambaye hakuelewa kitu ni Sajini Farajala, ambaye aliona watu wawili wa uzito mmoja na akafurahi.

"Karibianeni!" aliamuru. "Shika nguo! Sukuma!"

Walubengo akapandisha mikono ya shati. Masharubu yake yalikuwa yamesimama. Akaingia katikati ya turubai. Wepukhulu naye akaingia, ila aliingia kwa upande wa pembeni, na mzee aliposogea hatua mbele, yeye alisogea hatua nyuma. Wakazunguka. Wakazunguka tena. Walubengo akanyoosha mkono, na Wepukhulu akajikunja kiunoni kama panzi, mkono ukapita hewani.

"Vizuri!" Sajini alipiga kelele. "Sasa wewe shika yeye!"

Wepukhulu hakumshika mtu. Mikono yake alikuwa ameifumbata mgongoni. Alirudi nyuma akizunguka ukingo wa turubai, na maji tumboni yakimfuata kwa kuchelewa kidogo, hivi kwamba kila alipopinda kona, nusu yake iliendelea mbele. Watu wakaanza kucheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo, maana Walubengo hakuwahi kuchekwa katika mji ambao yeye ndiye aliyeujenga. Uso ukamwiva. Akaacha kutembea, akaanza kukimbia.

Na hapo ikawa mbio hasa. Kijana mbele, mzee nyuma, Sajini katikati akigeuka geuka. "Hapana kimbia! Hii hapana mashindano ya mbio!" Walimzunguka mara kadhaa. Wepukhulu aliruka miguu ya waliokaa, akapita chini ya mkono wa askari, akazunguka mizani. Hakukimbia kwa ajili ya mwili wake. Mwili wangeweza kuufanya watakavyo. Alikimbia kwa ajili ya nyumba ambayo hajaijenga, na kwa ajili ya mwanamke aliyeko dirishani, ambaye tangu azaliwe hajawahi kunyamaza kwa muda mrefu hivyo. Rosebella alisema baadaye kwamba Nanzala alikuwa ameushika ukingo wa dirisha kwa nguvu hata vidole vikakwaruzika.

"Simama, kijana!" Walubengo alinguruma.

Na Wepukhulu, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kumwasi mzee mwenye sauti nene, akasimama. Miguu ilimtii Walubengo kabla ya kumuuliza mwenyewe. Alikuwa kwenye kona, mgongo umegusa ukuta, mabenchi yamerundikwa kulia, na upande wa kushoto watu wamejaa. Hapakuwa na kamba ya kiatu ya kufunga. Akaitazama ile mikono miwili mipana ikija, na akahisi uchungu ambao hakuna lugha ya kuufanyia mzaha. Alikuwa anampenda sana yule msichana, na yalikuwa yanaishia pale, kwenye kona, mbele ya kinyozi.

Walubengo akaja kwa kasi. Alikuwa amebakiza hatua moja aliponaswa mguu na kunjo la turubai, lile kunjo walilolitengeneza wao wenyewe kwa kukimbia. Mguu ukabaki nyuma, mzee akaja mbele. Mikono ya Wepukhulu ikatoka mgongoni kwa hiari yake kumdaka, akaigundua ikiwa njiani, akairudisha. Lakini mkono wa mzee ulikuwa umeshafika. Vidole vilikuwa mbele kabisa ya shati la kijana, tayari kwenye kifungo. Kushika tu kidogo hapo kungemwokoa, na mtu yeyote anayeanguka hushika, hata mtoto mchanga hushika.

Walubengo hakushika. Wepukhulu aliviona vidole vile vikijikunja, kimoja kimoja, vikawa ngumi, na ngumi ikarudi kifuani kwa mwenyewe. Mzee akajipinda hewani ili asimguse hata kwa bega, akapita kando yake, na akaanguka chini vibaya sana, bila somo lolote la Jumamosi, kwa makalio. Kukasikika sauti ndefu ya kitambaa kikiachana na kitambaa.

Wepukhulu alikuwa amefumba macho hata kabla sauti hiyo haijaisha.

"Umeshinda!" Sajini Farajala alimrukia, akamwinua mkono juu. "Mimi natembea Burma, natembea Ceylon, hapana ona kitu kama hii! Naangusha mtu bila kugusa! Nyinyi yote tazama! Hii ndiyo kazi!"

"Sajini," ilisema sauti kutoka chini, na safari hii ilikuwa sauti ya kawaida, ambayo wengi pale hawakujua kwamba mzee anayo. "Wacha kelele kidogo. Nani iko na koti yangu?"

Kinyozi akalileta koti mbio. Walubengo akajifunika, akajaribu kuinuka, akaona hali ilivyo huko nyuma, akakaa tena.

"Suruali imepasuka yote," alisema. "Siwezi kusimama hivi. Wewe mwambie mkwe wangu atoke nje kwanza."

Sajini akatazama huku na huku. "Mkwe gani?"

"Hiyo mrefu."

Kelele zilizopanda pale hazijawahi kusikika katika holo ile, hata siku ya mwisho wa vita. Mzee Kituyi, aliyekuja kutazama, alimkumbatia askari. Shitanda alicheza mpaka majani ya ngano yakatoka chini ya turubai. Sajini Farajala alikuwa akiuliza kila aliyekuwa karibu naye kwamba nani ameoa nani, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu. Wepukhulu, macho bado yamefumbwa kama inavyompasa mkwe, alipapasa ukuta akitafuta mlango, akagonga mizani, akaiomba radhi, akatoka peku.

Nje jua lilikuwa kali na baridi ya Sisibo ilikuwa ile ile. Alifumbua macho. Nanzala alikuwa amesimama mbele yake, ameshazunguka kutoka dirishani, anahema.

"Baba amesema nini?" aliuliza, ingawa dirisha lilikuwa wazi na alikuwa amesikia kila neno.

Wepukhulu alifungua mdomo. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Amesema nitoke nje," alijibu.